Mzigo umepotea na hakuna aliyeona. Utadai vipi?

Wauzaji wenzangu, leo sio mambo ya kuposti. Ni daftari ambalo sikuwa nalo.

Niliagiza pea 40 za viatu toka Kariakoo zije Mbeya kwa basi. Mtaji wangu wote ulikuwa humo. Mzigo haukufika, ofisi ya basi wakakana kabisa kwamba waliupokea. Risiti hawakutoa. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo.

Shahidi wa kuona sikuwa naye. Nilikuwa na picha ya furushi likiwa juu ya kaunta yao, muamala wa nauli uliotumwa kwenye namba yao saa 11:40 jioni, na meseji ya mfanyakazi wao: "tayari umepakiwa". Huo ndio ushahidi wa mazingira. Kimoja kimoja hakitoshi, vikiungana vinaonyesha njia moja. Kesi ya jinai ni ngumu zaidi, mazingira yasiache maelezo mengine yoyote ya maana isipokuwa kwamba mshtakiwa ndiye. Kwenye madai, hakimu anapima maelezo ya nani yana uzito zaidi. Na meseji haikataliwi eti kwa sababu tu ni ya simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inailinda.

Hapo nikashinda. Nilipofeli ni kwenye hesabu.

Nilidai: "Nauza laki moja kwa siku, nimekaa siku 30 bila mzigo, nipeni milioni 3." Hakimu akaniambia hayo ni mauzo, sio kipato. Hesabu ni hii:

Pea moja nauza 25,000
Nimenunua 17,000
Usafiri na mfuko 2,000
Faida 6,000

Pea 4 kwa siku ni 24,000. Siku 30 ni 720,000, na bado hujatoa pango na bando. Halafu unaulizwa ulifanya nini kupunguza hasara, au ulikaa tu nyumbani?

Hata hiyo 720,000 sikupata. Hasara mahususi lazima uitaje na uithibitishe, Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Mimi mauzo yangu yalikuwa kichwani. Nikalipwa 680,000 tu, bei ya kununulia, kwa sababu risiti ya Kariakoo ilikuwepo.

Kwa hiyo leo leo: piga picha mzigo ukiwa kaunta, dai risiti, usifute meseji, na kila usiku andika umeuza nini na umetumia nini. Daftari ni buku tu. Mimi kutokuwa nalo kumenigharimu laki kadhaa.