Maumivu baada ya upasuaji wa goti: Dawa hufuata saa, si kilio

MATUNDU mawili au matatu, kila moja likiwa na upana usiozidi sentimita moja, ndiyo alama pekee zinazoonekana katika goti lililofanyiwa upasuaji kwa kamera ndogo. Udogo huo huwafanya wagonjwa wengi, hususan wanasoka waliochanika gegedu, kudhani kwamba maumivu nayo yatakuwa madogo. Sivyo.

Ndani ya goti daktari huwa amekata au kushona gegedu, na kiungo huwa kimejazwa maji ili kamera ipate kuona. Ganzi iliyodungwa huisha baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, mgonjwa akiwa amekwisha kurejea nyumbani.

Kwa sababu hiyo, dawa humezwa kwa saa zilizopangwa, kuanzia kabla ganzi haijaisha, kwani maumivu yaliyokwisha kupamba moto ni magumu kutuliza. Msingi ni parasetamo. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Daktari anaweza kuongeza ibuprofeni au diklofenaki, mojawapo tu, ambazo hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Dawa kali kama tramado hutumika kwa siku chache tu, kwa kuwa huweza kuleta uraibu.

Barafu iliyofungwa katika kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, pamoja na kuuinua mguu juu ya mito upite usawa wa moyo, hupunguza uvimbe.

Lengo la tiba hiyo si usingizi pekee, bali kuuwezesha mguu kufanya mazoezi. Mgonjwa anayeogopa kulikunja goti pale alipoelekezwa kufanya hivyo huishia na misuli ya paja iliyonywea na goti lililokakamaa.

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi, huku goti likiwa la moto, homa ikipanda au usaha ukitoka, hiyo ni dalili ya maambukizi. Yakihamia kwenye kigimbi nacho kikavimba, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, mgonjwa hubanwa pumzi ghafla na anaweza kupoteza maisha. Katika hali hizo, kuongeza kidonge ni kuuficha ugonjwa. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.