Baridi Yabisi Isiyo na Maumivu: Maana ya Kipimo Chanya kwa Asiyevimba Viungo

Makala haya yanajadili tatizo la istilahi lenye madhara ya kitabibu. Kipimo cha damu kinachotafuta fakta ya rumatoidi ni rahisi kuitwa "kipimo cha baridi yabisi". Kwa jina hilo, mkulima wa mpunga wa Kasumulu, wilayani Kyela, aliyepimwa kwa ajili ya homa na uchovu, anaweza kulisoma jibu "chanya" kama jina la ugonjwa wake, ilhali hana kiungo hata kimoja kilichovimba.

Baridi na yabisi ni tabia mbili kati ya nne za utabibu wa Kiyunani uliopokelewa kupitia kwa Waarabu. Msemo huo hutaja maumivu yanayohisiwa. Fakta haihisiwi. Ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, imunoglobulini G. Athari yake ilielezwa na Erik Waaler wa Norwei mwaka 1940. Mwili unaweza kuitengeneza unapochokozwa kwa muda mrefu na malaria, kifua kikuu, ukoma, homa ya ini aina ya C au maambukizo ya vali za moyo. Hata uzee pekee hutosha. Kwenye nyanda za chini za kaskazini mwa Ziwa Nyasa, penye mvua nyingi na malaria, hoja hii si ya pembeni. Ugonjwa wenyewe wa rumatoidi, ambao ni aina moja tu ya baridi yabisi, Brian Greenwood aliuona kuwa adimu Naijeria, kama alivyoeleza mwaka 1968.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 10, kipimo kikawabaini 7, na asilimia 5 ya wasiougua nao wakawa chanya. Hao wa mwisho ni takriban 50. Kwa hiyo kati ya majibu chanya 57, ni 7 tu yanayohusu ugonjwa huo.

Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 havianzi kutumika mpaka angalau kiungo kimoja kiwe kimevimba. Pasipo uvimbe, maswali yafaayo ni mengine: je, kikohozi kimezidi wiki mbili? Macho na kinywa vimekauka? Hata hivyo, jibu lenye kiwango kikubwa halipuuzwi, kwani utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wenye viwango vya juu waliugua zaidi miaka ya baadaye.

Katika karatasi ya majibu, basi, "fakta ya rumatoidi: ipo", pamoja na kiwango chake, ingefaa kuliko "baridi yabisi: chanya".