Mwamba Wenye Maji Usiotoa Maji

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani na kabla hujafika Samburu, utakuta mahali panapoitwa Maji ya Chumvi. Wanajiolojia waliupa mwamba wa huko jina hilohilo. Sehemu yake kubwa ni tope la kale, la zaidi ya miaka milioni 200, lililogandamizwa likawa jiwe la matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Jiwe hili huitwa sheli (tusichanganye na kituo cha mafuta!).

Kamati inayochangisha fedha za kisima kirefu mahali pa namna hii yafaa ijue kwamba jiwe linaweza kushika maji mengi na bado kisima kisijaze ndoo. Sababu ni udogo wa vitundu vyake.

Katika jiwe la mchanga, nafasi kati ya chembe na chembe mara nyingi huonekana kwa kioo cha kukuzia. Vitundu vya sheli hupimwa kwa nanomita. Nanomita milioni moja ndizo milimita moja, na unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Tena, upana wa mrija ukipungua kwa nusu, maji yanayopita kwa msukumo uleule hupungua mara 16.

Vitundu hivyo hupimwaje? Njia moja ni zebaki, ile ya vipimajoto vya zamani. Zebaki hailowani na jiwe, hivyo haiingii mpaka isukumwe. Kadiri kitundu kilivyo kidogo, ndivyo nguvu inavyozidi kuhitajika. Mtaalamu husoma nguvu hiyo akajua upana. Wengine hupoza jiwe hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kupima gesi ya naitrojeni inayonata kwenye kuta za vitundu. Hadubini ya elektroni nayo huvipiga picha.

Vipimo hivi ni vya watafiti na watafutaji wa gesi, si vya kisima cha parokia. Mpimaji wetu hutafuta nyufa, au tabaka la mchanga, ambako maji hutembea. Yaliyotuama ndani ya sheli mara nyingi hubaki na chumvi yake.

Ripoti yake ikionyesha sheli tupu, heri fedha zinunue mifereji ya paa na matangi ya maji ya mvua, na mfadhili aelezwe kabla mashine ya kuchimba haijafika.