Kichomi, Vijidudu Vyake na Dawa Tunayoichezea

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Juni, kusi ikapanda uwanda wa juu wa Makonde na ukungu wa alfajiri ukaifunika mikorosho ya Newala, Kitangari na Makote mpaka jua liwe juu, maswali ya wasomaji kuhusu kichomi, yaani nimonia, huongezeka, na matatu katika hayo hayakosi kurudi: je, baridi ndiyo iletayo nimonia; je, mtoto anayekohoa bila kukoma akatwe kimeo; na je, kwa nini kapsuli zilizomponya jirani hazikumponya mgonjwa wetu? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo nitakalolikalia. Lakini mawili ya kwanza hayawezi kupitwa kimya, maana majibu yake ya uongo yamekwisha kuchukua roho za watoto.

Baridi kwanza. Dhana ya kwamba nimonia huzaliwa na baridi imekaa vifuani mwa watu kwa muda mrefu, hata mama mwema humvika mtoto wake masweta matatu, akafunga dirisha na mlango, akawasha kuni ndani ya chumba wanamolala watu sita, akaamini kuwa amemkinga, kumbe kwa moshi ule na msongamano ule amemkaribisha adui aliyekuwa akimwogopa. Baridi haizai bakteria. Bakteria aliye mkuu wa maradhi haya, ambaye wataalamu humwita Streptococcus pneumoniae na sisi hapa tutamwita nimokokasi, aligunduliwa mwaka 1881 na watu wawili, kila mmoja peke yake: Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg huko Marekani, naye Sternberg alimpata katika mate yake mwenyewe, hali yu mzima wa afya. Huo ndio ukweli ambao watu hawaukubali upesi: nimokokasi hukaa puani na kooni mwa watoto wengi wasio na dalili yoyote, masika na kiangazi, akingoja mafua ya virusi yachubue njia ya hewa au moshi udhoofishe ulinzi wake, ndipo ashuke mapafuni. Kipupwe hutukusanya ndani. Kazi iliyobaki huifanya msongamano.

Ushahidi wa jambo hili uliandikwa kwa roho za jirani zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 machimbo ya dhahabu ya Transvaal huko Afrika ya Kusini yaliajiri vijana kutoka Nyasaland na Msumbiji ya kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma, na nimonia ikawaua kwa wingi hata mwaka 1913 ikapigwa marufuku kuandika vibarua kutoka nchi zilizo kaskazini ya latitudo ya 22 kusini. William Gorgas, tabibu wa jeshi la Marekani, alikwisha kuona huko Panama jinsi nimonia ilivyopungua baada ya vibarua kutawanywa kutoka mabweni yaliyosongamana. Na alipoitwa kuyaangalia machimbo hayo, alilolitilia mkazo ni nafasi, watu wapunguzwe katika kila chumba cha kulala.

Kimeo nacho kimeonewa vya kutosha. Mtoto akikohoa, kimeo huweza kuvimba pamoja na koo lote. Mkata kimeo hukitazama, hukitangaza kuwa ndicho shina la kikohozi, hukikata, na hupokea ujira wake, ilhali maradhi yako chini kabisa, katika vifuko vya hewa vya pafu ambavyo mkono wake hauwezi kuvifikia wala jicho lake halijapata kuviona. Mtoto hurudi nyumbani na nimonia ileile aliyokuja nayo, na juu yake kidonda kinachotoka damu, koo lisiloweza kumeza maziwa, na mlango uliofunguliwa kwa pepopunda. Sina maneno ya upole kwa kazi hii: anayeifanya kwa ujinga afundishwe, na anayeifanya akijua madhara yake ashitakiwe.

Sasa tuje kwenye dawa. Leader Stirling, tabibu Mwingereza aliyefika Lulindi katika Masasi mwaka 1935, na ambaye miaka 40 baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza kazi yake katika zama ambazo penisilini haijawa dawa, na mgonjwa wa kichomi aliuguzwa, akanyweshwa maji, akangojewa mpaka homa ivunjike au roho itoke. Alexander Fleming alikwisha kuiona athari ya ukungu wa penisilini mjini London mwaka 1928, lakini ilibidi Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford waisafishe kwa taabu kubwa kabla ya kuwatibia nayo wagonjwa mwaka 1941.

Namna penisilini na nduguye amoksilini zinavyoua yastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu aliyeifahamu hathubutu tena kuichezea dawa. Ndani ya bakteria mna shinikizo kubwa la maji, na kinachomzuia asipasuke ni ukuta unaomzunguka pande zote. Ukuta huo umefanywa kwa nyuzi ndefu za sukari zilizoungwa kwa viungo vifupi vya protini, mfano wa nyumba ya miti ambayo nguzo zake zimefungwa fito kwa kamba, fundo baada ya fundo, na mafundo yakikosekana nyumba haisimami. Bakteria anayekua hana budi kuubomoa ukuta wake kidogo kidogo na kuujenga upya ili apate nafasi, na kwa hiyo anavyo vimeng'enya vya aina mbili vinavyofanya kazi kwa pamoja, vya kukata na vya kufunga. Penisilini ina umbo lililofanana na ncha ya kile kiungo kinachongoja kufungwa. Kimeng'enya cha kufunga huishika kwa kuidhania ndicho kiungo, na kikisha kuishika kinanasa. Vya kukata vinaendelea kukata, vya kufunga vimekwama, ukuta unalegea, maji yanaingia, na bakteria anapasuka. Tena nimokokasi amebeba kimeng'enya chake mwenyewe ambacho, ujenzi wa ukuta ukivurugika, huuyeyusha ukuta kwa ndani na kukiharakisha kifo chake.

Katika maelezo hayo limo jibu la yule aliyeuliza habari za jirani yake. Virusi vya mafua havina ukuta wa namna hii, basi amoksilini haivigusi hata mtu ameze kopo zima. Maikoplasma, bakteria mwingine wa nimonia ambaye aghalabu huwapata watoto wa shule na vijana, hana ukuta kabisa, basi huhitaji dawa ya kabila lingine, mathalani azithromaisini. Bakteria wengine, Staphylococcus na Klebsiella, mara nyingi hutoa kimeng'enya cha kuivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo watu wawili waweza kukohoa kwa sauti moja, wakashikwa na homa moja, na kila mmoja akawa na kijidudu chake na dawa yake. Na ndiyo sababu kuazimana dawa ni kucheza kamari kwa roho ya mtu.

Nimokokasi mwenyewe alipoanza kuishinda penisilini hakuivunja: aligeuza kile kimeng'enya cha kufunga hata dawa isiweze kukinasa sawasawa. Mageuzi hayo aliyaokota. Mwaka 1928 Frederick Griffith, mjini London, alimdunga panya nimokokasi hai asiye na ganda, ambaye hana madhara, pamoja na mwenye ganda aliyekwisha kuuawa kwa joto; panya akafa, na katika damu yake wakaonekana nimokokasi hai wenye ganda. Walio hai walikuwa wamechukua urithi wa maiti. Oswald Avery na wenzake wa New York walithibitisha mwaka 1944 kwamba urithi huo ni DNA. Tabia hiyo nimokokasi hajaiacha hata leo. Kooni mwetu sote wamo jamaa zake wapole, kama Streptococcus mitis. Nasi tunapomeza amoksilini kwa ajili ya mafua, dawa huwapitia wapole hao, walio dhaifu hufa, wenye vimeng'enya vilivyogeuka hubaki wakazaana, na nimokokasi apitapo huokota vipande vya DNA yao akavishona katika yake. Nimokokasi wa kwanza waliopunguza utii kwa penisilini walitambuliwa Australia mwaka 1967, na ilipofika 1977 Afrika ya Kusini ilikuwa na walioshinda dawa kadhaa kwa mara moja.

Basi kapsuli nne zinazonunuliwa rejareja kwa ajili ya mafua si shauri la mnunuzi peke yake. Nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani katika mwaka 2019, na silaha yetu ya kwanza juu yake ni hiyohiyo tunayoinolea maadui zetu meno. Muuzaji anayejua wajibu wake humwuliza mteja cheti cha daktari, akamrudisha zahanati asiye nacho. Yule anayekata vidonge kwa kadiri ya fedha iliyo mkononi mwa mteja, na yule anayepita minadani na chupa moja ya kutibu maradhi arobaini, wote wawili huuza mauti, na umaskini wa mnunuzi si udhuru wao.

Kwa mwenye mtoto anayekohoa, haya yatosha. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na tumbo, tazama saa, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 60 na zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Tazama pia chini ya mbavu: akivuta hewa pakabonyea ndani, hiyo nayo ni dalili, basi afike zahanati siku hiyohiyo. Asiyeweza kunyonya, mwenye degedege, aliyelegea au mwenye midomo ya buluu apelekwe hospitali sasa hivi, hata iwe usiku wa manane, Mkomaindo, Ndanda au Newala, popote palipo karibu. Amoksilini ya watoto huyeyuka katika kijiko cha maji. Mpe kwa siku zote zilizoandikwa. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe kifua kikuu. Chanjo ya bakteria mwingine wa kichomi aitwaye Hib, iliyoingia nchini mwaka 2009, na ile ya nimokokasi, iliyoingia mwaka 2013, hutolewa bure katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usikose hata moja. Kuni ziwashwe nje ya chumba cha kulala.

Mafua huisha yenyewe. Amoksilini waachiwe wagonjwa wa kichomi.