Kichwa kikiuma wakati wa kufunga: je, ni pepo?



Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mtoto wa mama Mshunami. Alikwenda kwa baba yake wakati wa mavuno, kichwa kikamshika kwa nguvu, akapelekwa kwa mama yake, na saa sita ya mchana akafia magotini pake. Biblia haitaji pepo wala mchawi. Inataja kichwa tu.

Tunakumbusha hilo kwa sababu sisi wachungaji tumekosea. Mama mmoja wa kanisa letu alishikwa na kichwa kila mara tulipotangaza siku tatu za kufunga. Kilimpiga upande mmoja kama ngoma, alitapika, hakuvumilia mwanga wala sauti ya vinanda. Tulisema pepo anasumbuliwa na maombi, tukamwongezea siku za kufunga. Kichwa kikazidi. Alipofika kwa muganga, alijua jina la ugonjwa wake: migrene.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Yanayosikia ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, na misuli ya kichwa na shingo. Kutoka hapo neva, ambazo ni kama nyuzi za kupeleka habari mwilini, hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Kwa mtu wa migrene, neva hizo huamka upesi. Kukosa chakula, kukosa maji, kukesha usiku, na kwa wanawake siku za mwezi, vinaweza kuziamsha. Bila dawa, maumivu huchukua saa 4 mpaka siku 3. Ugonjwa huu huonekana mara nyingi katika jamaa moja, na huwapata wanawake kuliko wanaume.

Basi mfungo wetu haukumsumbua pepo yeyote. Uliamsha neva za dada yetu. Tumemwomba msamaha.

Mwenye ugonjwa huu asione haya kumwambia mchungaji wake. Ale, anywe maji, alale. Ajinyime kitu kingine mbele za Mungu. Hiyo si imani ndogo.

Tuangalie pia dawa. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mingi, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Huyo aende kwa muganga, asijiongezee vidonge.

Lakini kuna kichwa kisichongoja hata saa moja:
– kinachokuja ghafula, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuvisikia;
– chenye homa na shingo ngumu, au homa na kuchanganyikiwa: inaweza kuwa meninjiti au malaria iliyofika kwenye ubongo;
– chenye degedege, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, au mdomo kwenda upande;
– cha baada ya kuanguka au kupigwa kichwani;
– cha mama mwenye mimba, hasa macho yakiona giza au uso ukivimba.

Ukiona moja ya hayo, mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, hata kama ni katikati ya ibada. Usingoje tumalize kuhubiri. Sisi tutaomba huku ninyi mko njiani, na mmoja wetu atawafuata. Mama Mshunami naye alikuwa mtu wa imani, na siku ile alitandika punda akaondoka bila kukawia.