Kanisa lililoshuka mlimani bila kuacha jiwe

Nyuma ya kanisa jipya la usharika mmoja hapa Siha, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka stendi ya Sanya Juu, kuna jiwe jeusi ambalo akina mama hutua ndoo juu yake. Nimelipita miaka mingi bila kuliangalia. Jumapili moja nikalikalia nikisubiri mnada wa ndizi na kuku uishe, vidole vikagusa mistari. Nikainuka nikalitazama vizuri. Pande zake nne zimechongwa kwa patasi, mkwaruzo kando ya mkwaruzo, kila mmoja upana wa ukucha, yote imelalia upande mmoja. Kwenye kona kumeganda donge la chokaa, gumu kama mfupa.

Mzee wa kanisa akaniona nimeinama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akalipapasa jiwe kama mtu apapasavyo ng'ombe wake.

"Hili ni la pembe ya kanisa la zamani, mwanangu. Wenzake wako chini ya zege."

Alikuwa anasema kweli tupu. Kanisa la zamani lilibomolewa, mawe yake yakapasuliwa, yakawa kifusi cha msingi wa hili jipya lenye madirisha ya alminiamu na marumaru zinazoteleza.

Sina kinyongo na kamati ya ujenzi. Lile la zamani lilikuwa halitutoshi. Sikukuu nusu ya waumini walikuwa wanasali nje chini ya turubai, na mvua ya masika huku kwetu haina huruma. Lakini nadhani tulikosea, na nitasema kwa nini.

Uingereza wana tatizo ambalo kwetu ni kinyume kabisa. Vijijini kwao makanisa ya mawe, mengine ya miaka mia nane au tisa, yamebaki bila watu. Wangeweza kuyaacha yadondoke. Badala yake, mwaka 1957 kilianzishwa chama kilichojiita Marafiki wa Makanisa Yasiyo na Marafiki, na mwaka 1969 ukaanzishwa mfuko wa kuyatunza yale ambayo Kanisa la Anglikana limeacha kuyatumia. Leo mfuko huo unatunza makanisa zaidi ya 350. Wao ibada imekwisha na jengo limebaki. Sisi ibada imejaa mpaka mlangoni, na jengo ndilo tunalolitoa kafara.

Na ajabu ni kwamba hata Waingereza hao waliwahi kuwa na kanisa kwenye mlima wetu huu wa Kilimanjaro. Ni wachache wanaokumbuka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipanda hadi Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi, kuonana na mtawala wake, Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Mwaka huohuo wamisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS wakaanza kituo chao hapo. Hannington mwenyewe hakuuona mwisho wa mwaka, aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Wenzake walibaki, wakijenga kwa kile ambacho mlima uliwapa karibu: miti, udongo na nyasi.

Kisha siasa zikawakuta. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, Kilimanjaro ikaangukia kwa Wajerumani na Taveta kwa Waingereza. Rindi alifariki mwaka 1891, akamwachia kiti mwanawe Meli. Juni 1892 vijana wa Meli walikipiga kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Wajerumani wakawageukia wamisionari wa Kiingereza, wakiwatuhumu kuwa upande wa Mangi. Mwaka haujaisha, CMS wakafunga mizigo wakateremka Taveta, ambako walianza upya, hata wakawa na gazeti lao, Taveta Chronicle, kuanzia mwaka 1895.

Miaka saba mlimani. Ukienda Old Moshi leo utaonyeshwa mti wa Tsudunyi ambapo Wajerumani walimnyonga Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Mti ule kila mtoto anaujua. Lakini uliza lile kanisa la Waingereza lilisimama wapi, utaona watu wakitazamana. Udongo na nyasi vimerudi kuwa shamba.

Kati ya walionyongwa siku ile alikuwemo Ngalami, Mangi wa Siha. Hapo ndipo habari inapotugusa sisi wa huku. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na Siha wakaanza kituo mwaka 1899. Kwa hiyo Injili ya Kilutheri ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili kwenye ardhi hii Mangi wetu alipotundikwa mtini na Wajerumani wenzao. Nikifikiria wale waliokubali kubeba mawe ya kanisa baada ya hapo, nashindwa kuliona jiwe lile kama kifusi.

Maana Walutheri walikuja kujenga kwa mawe. Mlima wetu ni volkano, mawe yake meusi yamejaa mabondeni na mashambani, ni kazi ya kuyachonga tu. Mbao zilitoka msituni: podo, na huku upande wa magharibi, mwerezi ambao mchwa hawausumbui. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo kengele au bati lililotoka ng'ambo lililetwa huku juu kwa miguu ya watu. Ndiyo sababu majengo yale yana adabu ya matumizi. Kuta nene, kwa kuwa mawe yalikuwepo. Madirisha membamba yenye tao juu, kwa kuwa tao linabeba ukuta bila nondo. Ndani baridi mchana wa Januari, na sauti ya kwaya haipotei hata kama hakuna spika.

Tungeweza kujenga jipya pembeni. Kama kiwanja kilikuwa kidogo, tungebakiza ukuta mmoja, kama Bagamoyo walivyobakiza mnara wa kanisa lao la kwanza, ambapo mwili wa Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874. Kama hata hilo lilishindikana, fundi mmoja mwenye futi na kijana mwenye simu ya kamera wangelipima na kulipiga picha kabla ya nyundo ya kwanza. Kazi ya siku moja. Sharika zinazojiandaa kubomoa sasa hivi, na zipo, naziomba angalau hiyo siku moja.

Nilimwambia mzee hayo. Akanishika mkono akanipeleka mahali tunapoegesha magari.

"Simama hapa. Hapa ndipo mlangoni."

Akaanza kutembea, mimi nyuma yake nikihesabu hatua. Akasimama. Hapa walikaa wanaume, kule wanawake. Bibi yake alileta mawe kwa kichwa kutoka mtoni, akanionyesha njia. Akaendelea mpaka kwenye simtangi la maji. "Madhabahu," akasema, akavua kofia.

Hatua 31 kwa urefu. Tulirudi tukapima upana: 14. Nimeziandika kwenye daftari, na chini yake nimechora pale alipovulia kofia.