Gadi chipukizi: Apimwe kwa aliyoyafanya au kwa anayotarajiwa?

CHUKULIA kuwa kocha wa shule ya sekondari katika Kata ya Mkonze, jijini Dodoma, amebakiwa na nafasi moja tu katika kikosi cha mpira wa kikapu kitakachoshiriki mashindano ya Umisseta. Mbele yake wamesimama vijana wawili. Wa kwanza ni mfupi na mwembamba, lakini hufunga kila anapocheza na ni nadra kupokonywa mpira. Wa pili ni mrefu, ana mbio na huruka kuliko wenzake wote, ila hajawahi kuamua mchezo hata mmoja. Wote ni magadi, yaani wachezaji wa nyuma wanaopandisha mpira na kupanga mashambulizi.

Achukuliwe yupi? Swali hilo limewasumbua hata mabingwa wa Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA), wenye fedha na wataalamu wa kila aina, na Watanzania wanayo sababu ya kulikumbuka jibu walilolitoa mwaka 2009.

Juni mwaka huo, timu ya Memphis Grizzlies ilikuwa na chaguo la pili katika drafti ya wachezaji wapya. Ikamchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, senta mwenye urefu wa mita 2.21, ambaye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Baada yake wakachaguliwa, kwa kufuatana, James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn na Stephen Curry. Wote watano ni magadi.

Si haki kusema Thabeet alipewa nafasi hiyo bure. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia wastani wa mitupo zaidi ya minne kwa mchezo. Hata hivyo, alianza kikapu akiwa tayari na umri wa miaka 15 hivi, na Memphis ilinunua zaidi yale yaliyotarajiwa kutokana na kimo chake. Alimaliza NBA akiwa na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2. Kosa la kuchaguliwa mapema si la mchezaji.

Kwa upande wa Curry, ushahidi ulikuwa wazi. Mwaka 2008 aliiongoza Davidson, chuo kidogo, kuviangusha vyuo vikubwa hadi nane bora ya taifa, na msimu uliofuata akaongoza kwa ufungaji nchi nzima ya Marekani katika ngazi hiyo kwa wastani wa pointi 28.6. Waliomtilia shaka walitazama wembamba wa mwili wake na udogo wa chuo chake. Minnesota, iliyokuwa na machaguo mawili mfululizo, ikachukua Rubio na Flynn, ikamwacha yeye.

Hata takwimu, hata hivyo, huweza kudanganya. Katika msimu wa kwanza aliyeng'ara kuliko magadi wote wa kundi hilo ni Evans: pointi 20.1, ribaundi 5.3 na pasi za mabao 5.8 kwa mchezo, akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa mwaka 2010. Curry alikuwa wa pili. Aliyehukumu kwa mwaka mmoja angesema mjadala umekwisha. Harden naye alianza kwa kutokea benchi Oklahoma City; miaka minane baadaye, mwaka 2018, akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Machi 2012. Golden State Warriors ilikuwa na magadi wawili: Monta Ellis, aliyekuwa amefunga wastani wa pointi 24.1 katika msimu wa 2010/11, na Curry, ambaye kifundo cha mguu kilimruhusu kucheza michezo 26 tu msimu huo wa 2011/12. Timu ikamuuza Ellis kwenda Milwaukee. Mashabiki wakakasirika, na siku chache baadaye wakamzomea mmiliki wa timu, Joe Lacob, hadharani uwanjani. Mwaka 2015 Golden State ikatwaa ubingwa, na Curry akawa mchezaji bora wa ligi mwaka huo na uliofuata.

Wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa matarajio dhidi ya rekodi. Usomaji huo una kasoro. Curry alikuwa ameingiza zaidi ya asilimia 43 ya mitupo yake ya pointi tatu katika kila mmoja wa misimu yake mitatu ya kwanza. Ulengaji wake ulikuwa umeshathibitika. Kilichotiliwa shaka ni kifundo. Ellis alikuwa na pointi nyingi zaidi, lakini zilitokana na mitupo mingi mno.

Hapo ndipo palipo na funzo kwa kocha wa Mkonze. Jumla ya pointi haimwambii mengi. Amefunga ngapi kwa mitupo mingapi? Amepoteza mpira mara ngapi? Alicheza dhidi ya nani, na ana umri gani? Mvulana wa miaka 14 anayewasumbua wa miaka 18 ni habari tofauti kabisa na wa miaka 18 anayewaonea wadogo zake. Mbio na kuruka navyo vina thamani, ila mtu hujaliwa navyo kabla hata hajaujua mchezo; kuona pasi na kulenga hujifunzwa, na anayejifunza haraka huonekana ndani ya miezi michache.

Tatizo ni kwamba pale ambapo mchezo wa vijana humalizika na kubaki matokeo peke yake, hakuna rekodi ya kulinganisha. Vijana wote huwa wa kutarajiwa tu, na kipimo pekee kinachoonekana kwa macho ni kimo. Daftari moja, kalamu na mwanafunzi mmoja wa kuhesabu mitupo pembeni mwa uwanja vingetosha kumpa yule kijana mfupi nafasi ya kujitetea.